Nawadai Moja

Mizani yangu ina kutu upande wa kushoto
lakini haijasema uongo.
Duka ni dogo, Kisauni, mkabala na kinyozi:
machepe matatu, dawa ya viwavi, waya wa kuku,
na rafu ya mbegu ninayoifuta vumbi
kila Ijumaa kabla ya adhana.

Nyevu Chengo huja asubuhi kutoka Mwakirunge,
udongo ungali umemganda visiginoni.
Shamba lake ukilipiga hatua, hamsini kwa thelathini,
ukizidisha umeingia kwa jirani.
"Nipimie kikombe."
"Siruhusiwi kufungua pakiti, dada. Kilo mbili ndiyo ndogo."
Akaishika kama anayeshika mtoto wa wenzake,
akairudisha rafuni,
akenda zake Kongowea.

Kongowea mbegu hupimwa kwa kopo la maziwa,
zimepakwa rangi ya waridi,
zinameta kama kucha za bibi harusi.
Nyumbani, rangi ilimtoka vidoleni kwa maji ya kwanza.
Chini yake mahindi yale yale ya kusaga,
yamevishwa joho la kuazima.
Mvua ya mwaka ikanyesha bila kinyongo.
Shamba likaota mapengo,
kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Hayo nilimwambia Kirimi, mtu wa kampuni,
alipokuja na kofia kumi na kalenda.
Kalenda nzuri: mhindi umempita mtu kimo,
nyuma yake mlima wenye ukungu.
"Bwana Kirimi, huku ukungu hatuna.
Tuna chumvi, na jua la saa nne.
Mbegu yako ya baridi ikifika hapa inashikwa na homa.
Leteni iliyozoea joto letu,
na mlete Februari, si Mei,
mvua haisubiri lori lililokwama Mariakani.
Ukitaka Nyevu akuamini, usimpe kofia.
Panda mistari minne ubavuni mwa shamba lake,
jembe mwachie yeye,
majirani wapite waone kwa macho yao.
Zilizopitwa na tarehe zichukueni,
msiniachie hasara nikashawishika
kubandika tarehe mpya.
Ndiyo, nimewahi kushawishika. Andika na hilo.
Na robo kilo, ndugu yangu! Robo!
Mwenye shilingi mia naye ana shamba."

Akaandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.
Nikajisemea: kiganja hunawa.

Msimu uliofuata, kimya.
Ule wa baada yake ikaja katoni,
pakiti za robo, nyepesi kama barua,
kila moja na kibandiko cha kukwangua.
Nyevu akakwangua kwa sarafu, akatuma namba,
simu ikalia: mbegu halali.
Akacheka.
"Simu nayo husema kweli?
Mume wangu hunipigia eti yuko kazini Changamwe,
nami nasikia ngoma za harusi."

Akafanya alivyofunzwa na mamake:
mbegu kumi, kitambaa kilicholoa,
ubavuni mwa mtungi, siku nne.
Ya tano alisimama mlangoni pangu,
akakifunua kitambaa juu ya kaunta
polepole, kama mtoto amelala ndani.
Tukahesabu. Kinyozi akaja kushuhudia,
mashine ingali inanguruma mkononi,
mteja wake kanyolewa nusu.
Tisa zimetoa mizizi,
myeupe, kama uzi wa kudarizia kofia.
Ya kumi imelala tu.

"Tisa kwa kumi!" nikasema, nikingoja shukrani.
Nyevu hakuniangalia.
Alivuta daftari langu la madeni,
lile ambamo jina lake limekaa miaka sita,
akalifungua ukurasa mweupe,
akaiweka ile ya kumi katikati.
"Andika, Bwika. Juu, jina la kampuni.
Chini yake: nawadai moja."

Nikaandika, kwa wino,
tarehe na kiasi.